Ampea Thelathini za Kwenye Kibandiko

Kibandiko kilisema ampea 30. Mimi nilikuwa na shida na ampea nane tu. Sasa mtu anieleze, aliyesoma umeme au asiyesoma, ilikuwaje nikanunua pawasaplai tatu ndani ya miezi miwili, na mayai ishirini na manne ya Mama Neema yakaishia kwenye shimo nyuma ya banda.

Nianze na mayai, maana nyumbani kwangu kesi zote siku hizi huanzia hapo. Mke wangu anafuga kuku wa kienyeji. Mimi, tangu nistaafu kufundisha fizikia, nafuga nyaya. Siku moja alilalamika kwamba kuku wake wamegoma kuatamia, nami kwa kiherehere cha mstaafu nikaropoka kwamba kuku si lazima, nitamtengenezea mashine ya kutotolesha. Nikachonga sanduku la mbao, nikalibandika ndani ile sponji nyeupe iliyokuja na friji, nikafunga balbu nne za indiketa ya gari, kila moja wati 21, ndizo za kutia joto. Nikaweka feni ya kompyuta ya kuzungusha hewa, kidude cha kuwasha na kuzima balbu joto likifika nyuzi 37.5, na mota ya kugeuza mayai. Vyote vya volti 12, kusudi umeme ukikatika nihamishie kwenye betri ya sola na mayai yasijue lolote. Ukijumlisha, vinakula ampea nane hivi. Ikabaki pawasaplai tu ya kushusha umeme wa ukutani. Ikabaki tu, nasema, kana kwamba ni kununua msumari.

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo.

"Shikamoo mzee wangu, karibu. Ya kamera au ya taa?"

"Marahaba. Ya mayai."

Kijana hakucheka wala kushtuka. Kariakoo wameshasikia yote. Akashusha kutoka rafuni boksi la bati lenye matundu matundu, lile linalofungwa kwenye taa za mikanda za saluni na mabango. Volti 12, ampea 30. Nikajiambia nikichukua kubwa haitachoka. Nikaipima mkononi: nyepesi kama boksi la biskuti zilizokwisha kuliwa.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Teknolojia ya kisasa, mzee wangu. Zile nzito ni za zamani."

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba yule kijana hakusema uongo. Pawasaplai tulizosomea sisi zilikuwa na transfoma ya chuma na shaba, inaupokea umeme wa ukutani jinsi ulivyo, mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa kinyonga chuma lazima kiwe kingi. Ukiiangusha mguuni unakwenda hospitali. Hizi za swichi zinafanya kazi kwa mbio. Kwanza zinaugeuza ule umeme wa volti 230 kuwa wa mkondo mmoja, unafika volti 320 na ushee, kisha transista inaukatakata mara makumi elfu kwa sekunde moja. Ni kama kuhamisha maji ya pipa: anayekwenda na kurudi polepole anataka ndoo, anayekimbia anaweza kutumia kikombe. Kwa hiyo transfoma ikanywea mpaka ikawa ya kushika kwa vidole viwili. Ndivyo mhandisi Rod Holt alivyofanya kwenye kompyuta ya Apple II mwaka 1977, ikakaa ndani ya boksi la plastiki bila hata feni.

Basi wepesi wenyewe si kosa. Balaa ni kwamba mteja akishaaminishwa kuwa wepesi ndio usasa, unaweza kuendelea kumpunguzia vitu ndani mpaka siku moja unamuuzia bati.

Nikasoma kibandiko vizuri zaidi. Kwenye bati: ampea 30. Kwenye boksi la karatasi: wati 240. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, ampea 30 mara volti 12 unapata wati 360. Nikamuuliza kijana hizo wati 120 zimeshukia kituo gani. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mzee wangu, kila mtu anachukua hizihizi." Nikalipa elfu thelathini na tano. Kwenye risiti imepigwa mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa sikiliza. Kwenye ubavu wa boksi hizo, ndani ya tundu ambalo hata kidole cha mtoto hakiingii, kuna swichi ndogo nyekundu. Upande mmoja 110, upande mwingine 220. Kuna nchi umeme wao ni wa volti 110 na kitu, wakiwemo Marekani, na swichi ikiwa upande wao, mtambo unauongeza umeme mara mbili ili ulingane na wetu. Ukiuchomeka kwetu ikiwa huko, unaongeza mara mbili kitu ambacho tayari ni mara mbili. Haya nayajua. Nimewahi kumwonya mtu mwingine kwa kidole kabisa.

Yangu ilikuwa kwenye 110.

Mlio ulikuwa wa tairi la Fuso. Kapasita mbili kubwa, kila moja ya kuvumilia volti 200, zilijaribu kubeba zaidi ya mia tatu kila moja, zikashindwa kwa pamoja. Karatasi za ndani zikatoka kupitia matundu ya bati na moshi mweupe wenye harufu ya samaki aliyesahaulika kwenye mfuko.

"Baba Neema, uko hai?" sauti kutoka jikoni.

"Niko."

"Basi fungua dirisha."

Jirani yangu, Baba Salma, akatokea mlangoni na pole. Nikaipokea pole, nikamkumbusha mita yangu. Hiyo mita aliiazima mwezi wa Ramadhani apime sabufa, Idi ikapita, mpaka leo sabufa inapimwa. Kusema haki, mita isingenisaidia kitu siku ile. Lakini mtu akiwa amefunikwa na vipande vya kapasita anahitaji wa kumlaumu, na Baba Salma ndiye aliyekuwa karibu.

Kesho yake fundi wangu wa redio pale Manzese aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hukuipitisha kwenye balbu kwanza?" Anamaanisha hivi: kifaa usichokiamini unakiunganisha na umeme kupitia balbu ya zamani ya wati 100, ile ya uzi. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kifaa kinapona. Kama hakuna, balbu inamulika kidogo na kufifia. Ulinzi wa bei ya soda. Nikamjibu kwamba balbu za uzi za wati 100 hazipatikani tena kirahisi. Akanyoosha kidole juu ya meza yake. Zilikuwa nne.

Ya pili nikakimbilia adapta nyeusi ya plastiki, mfano wa chaja ya laptopu, volti 12, ampea 10, elfu ishirini na tano. Sababu yangu ilikuwa nzuri: hizo zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240 zenyewe, hazina swichi ya kusahau. Na safari hii nilijidai kupima. Nikachukua balbu mbili za taa kubwa ya gari za wati 55, kila moja inakula karibu ampea nne na nusu. Nikaziunganisha zote mara moja. Adapta ikafanya tik, tik, tik, inawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi. Hapo sikuilaumu, uzi wa balbu ukiwa baridi hunyonya umeme mara nyingi zaidi ya ukishapata moto, na adapta ilidhani ni shoti ikajikinga. Nikaunganisha ya kwanza, nikasubiri, kisha ya pili. Zikawaka. Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili ilipoingia, zote mbili zikageuka rangi ya koroboi.

Mtu mwenye mita angeona volti zimeshuka mpaka ngapi na angeirudisha adapta dukani, akagombane na mhuri wa risiti. Mimi nilipima volti kwa macho. Nikajiambia: hii ni ampea tisa, mayai yanataka nane, iko nafasi.

Ikaja habari ya plagi. Adapta ilikuja na pini mbili za duara. Soketi zetu ni za mtindo wa Uingereza, matundu matatu, na yale mawili ya chini yamezibwa na vijifuniko ambavyo havifunguki mpaka kitu kiingie kwenye tundu la juu, la ethi. Unajua Watanzania wanachokitia humo. Njiti ya kiberiti, mswaki, ncha ya mwiko. Nimefundisha ubaya wa jambo hilo miaka ishirini na sita, na kifuniko cha kalamu nilichokitumia kilikuwa cha kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia.

Jioni Mama Neema akaja kuwaangalia wanawe wa sanduku, miguu peku juu ya saruji, mikono ina maji. Akashika trei ya bati. Akaurudisha mkono.

"Mayai yako yananing'ata."

Nikaanza kumfafanulia. Ndani ya adapta kuna kakapasita kadogo kanakounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 12, kazi yake ni kutuliza makelele ya ule ukataji. Kanavujisha umeme kiduchu, na kama hakuna ethi ya kuupeleka ardhini, unatafuta mtu wa kupitia. Kwa pawasaplai iliyotengenezwa na mwenye kumwogopa Mungu, kakapasita hako ni ka aina maalumu ambayo hata kakifa hakawezi kuruhusu umeme wote upite. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa ndala, akachukua kitambaa kikavu, na tangu siku hiyo trei aliishika kwa kitambaa kama sufuria. Redio yake nayo ikaanza kukoroma kila sanduku lilipowaka balbu zake. Malalamiko yakawa mawili.

Siku ya kumi na nne tukaitwa Morogoro kwenye msiba. Tukalala huko usiku mbili. Tuliporudi, kipimajoto ndani ya sanduku kilikuwa kinasoma 28, sawasawa na sebuleni. Adapta ilikuwa imekufa kimyakimya, hata taa yake ya kijani haikuaga. Betri ya sola ilikuwa imejaa tele, imekaa pembeni. Ningekuwepo ningehamisha waya, maana kidude cha kuhamisha chenyewe nilikuwa nimekiahirisha mpaka "bajeti itakaporuhusu". Mama Neema hakusema neno. Alichukua jembe.

Nikaipasua. Kwanza niliiacha siku nzima bila umeme, kisha nikamalizia chaji kwenye kapasita kubwa kwa balbu, maana hizo zinaweza kukutwanga hata kama plagi iko mfukoni mwako. Ndani nilikuta ubao wenye viti vitupu, kama daladala la saa nane mchana. Mchoraji wa ubao alikuwa mtu makini: hapa iwe koili ya kuchuja makelele, hapa fyuzi, hapa kinga ya umeme unaopanda ghafla. Kila mahali pameandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Mfungaji alikuja akaruka. Mahali pa koili pamelehemiwa vipande viwili vya waya mtupu, na hapo nikaelewa redio ilikuwa inakoromea nini. Mahali pa fyuzi, waya. Kapasita ya kutolea imevimba kichwa, imeandikwa nyuzi 85 wakati zipo za nyuzi 105, na imegandamizwa kwenye kipande cha bati la kupoozea ambalo ndilo lenye moto kuliko vyote. Kapasita za aina hiyo zina kanuni mafundi wote wanaijua: kila joto likipanda nyuzi kumi, umri unakatika nusu.

Na nani aliyeiweka adapta juu ya sanduku lenye joto, mahali ambapo hapapiti hewa? Tuendelee.

Nikaulizia bei ya pawasaplai ya maana. Kampuni ya Mean Well ya Taiwan, iliyoanza mwaka 1982, ina boksi la bati la sura ileile niliyolipua, na ndiyo inayoigwa kila duka. Ile yao ya volti 12 imeandikwa ampea 29, wati 348. Nilikaa na namba hiyo siku nzima. Ishirini na tisa! Anayeandika 29 amepima. Anayeandika 30 ameamua. Tangu hapo nikiingia dukani naangalia namba kwanza: nikiona 30 na wati 360 na hakuna neno lingine lolote, naiuliza "umepimwa na nani?" na wauza duka wanadhani naongea peke yangu. Nilitajiwa bei ya orijino, nikashukuru, nikapitia Manzese.

Fundi akavuta kutoka chini ya meza pawasaplai ya kompyuta ya mtumba, imejaa vumbi na kiota cha mjusi. Akanikabidhi. Mkono ukashuka. Nilifurahi kama mtu aliyepewa kichanga. Tukamulika kwa tochi ya simu kupitia matundu ya feni: koili zipo, bati la kupoozea nene, viti vyote vimekaliwa. Kibandiko chake kinasema ampea 16 kwenye volti 12. Elfu kumi na tano, na akaipitisha kwenye balbu mbele ya macho yangu.

Hizo huwezi kuchomeka tu zikawaka. Zinasubiri kuamrishwa na kompyuta, na kompyuta huamrisha kwa kuugusisha waya wa kijani na mweusi. Unapachika kipande cha waya hapo, feni inazunguka. Wa njano ni volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Nikafunga mashine yangu kwenye njano. Balbu zikawaka, lakini kwa unyonge nilioukumbuka.

Safari hii nikasema sipimi kwa macho. Nikavuka ua mpaka kwa Baba Salma, kuazima mita yangu. Naomba urudie sentensi hiyo. Akanipa. Akasema, "Mwalimu, jitahidi kabla ya magharibi, kuna kitu nakimalizia."

Mita ikasoma 11.3. Hapo nikakumbuka kwamba nyingi za zamani zinaangalia volti 5 na volti 12 kwa jicho moja. Zikiona wa 5 hana kazi yoyote na wa 12 amebeba peke yake, zinachanganyikiwa: wa 12 anashuka, wa 5 anapanda. Nikafunga balbu moja ya indiketa kwenye waya mwekundu, haina kazi yoyote ila kukaa pale na kumulika. Mita ikapanda mpaka 11.9. Yaani pawasaplai ilitaka tu kila mtu ndani ya nyumba aonekane anafanya kazi. Mama Neema aliposikia maelezo hayo aliniangalia muda mrefu.

Nikamwita pia fundi umeme, kwa sababu hii ina plagi ya pini tatu na niliona aibu kuipa tundu la ethi la mapambo. Akafungua soketi. Waya wa ethi ulikuwa umefika vizuri mpaka nyuma ya soketi, ukakunjwa, ukaachwa hapo, haujafungwa popote, tangu nyumba ijengwe. Akaufunga, akapigilia na chuma kipya nje kwa sababu cha zamani kilikuwa kimekatwa. Trei haing'ati tena. Redio inasoma taarifa ya habari bila kukohoa. Pawasaplai nimeiweka sakafuni, mbali na sanduku, na betri ya sola nimeifungia kidude chake cha kujihamisha yenyewe, bajeti ikiwa imeruhusu baada ya mazungumzo mafupi yaliyoongozwa na mwenye mayai.

Siku ya ishirini na moja, mayai ishirini na manne mengine, vifaranga kumi na tisa. Mama Neema amewahesabu mara tatu na anawaambia wageni kwamba wamelelewa na kompyuta. Mimi sitajwi.

Ila tangu juzi usiku lile boksi limeanza mlio mwembamba kama wa mbu, ambao wiki iliyopita haukuwepo, na kundi la tatu la mayai limeingia jana. Baba Salma, kama safu hii imekufikia: ile mita niliirudisha kwako kabla ya magharibi kama tulivyokubaliana. Naiomba tena. Nitamtuma Neema aje aichukue, na safari hii mpe na waya wake mweusi.